Kadi Kumi na Moja za Neno Kaa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limetulia na cherehani haijaanza tena kukata uzi. Mimi sijambo, nacheka peke yangu kama mwehu, na sababu ni wewe.

Nakuandikia kutoka chumba cha watunga kamusi: meza tatu, masanduku ya kadi hadi darini. Mzee wetu, mhariri mkuu, alinipa neno moja la majaribio, kaa. Nikiliweza, kazi ni yangu. Likinishinda, nifungashe virago. Nikadharau. Kumbe kuna kaa la moto, kuna kaa wa baharini, kuna kukaa kitako, kuna kukaa mtaa fulani. Mzee akanieleza kuwa zamani lilikuwa na l katikati, na baadhi ya lugha ndugu zetu bado zinayo. Sisi tuliidondosha njiani.

Sheria yake ni moja: kila maana ipate sentensi iliyotoka kinywani mwa mtu halisi, na mtu huyo aridhie kwa sahihi yake. Kutunga ni mwiko. Nikafumba macho, nikakusikia wewe. Kwamba kaa moja likiruka kutoka kwenye pasi, gauni la bibi harusi limekwisha. Kwamba sketi ya shangazi imemkaa utadhani alizaliwa nayo. Kwamba uji haukai tumboni mwa mtu mwenye siri. Kadi kumi na moja, mama, zote zako. Mzee alizisoma akicheka mpaka miwani ikadondoka, akauliza msemaji huyu ni nani.

Sasa huo uji. Mama, chuo cha uuguzi niliacha miezi minne iliyopita. Nikiona damu, naanguka kabla ya mgonjwa. Barua zote za wodini nilikutungia. Yale magauni meupe uliyonishonea hayana kosa hata la uzi mmoja, nimeyakunja vizuri. Niliogopa, maana ulishautangazia mtaa mzima kwamba una nesi. Nisamehe. Hapa nina furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo.

Kadi nimeziambatanisha. Ukiridhia, tia sahihi nyuma ya kila moja. Usiporidhia, narudi nyumbani kukushonea vifungo.

Msalimie shangazi na sketi yake. Na kama utanigombeza, nakuomba tu ulitie neno kaa, maana kadi ya kumi na mbili bado iko tupu.

Mwanao asiye nesi,
Kidomo