Nilikuwa kwenye Harusi Nyingine

Leominster
Juni 19, 1995

Dada yangu mpendwa Noreen,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Bernard. Natumaini nyumba imetulia sasa baada ya wageni kuondoka, na kwamba umepata walau siku mbili za kuinua miguu. Mimi nipo. Nakula, nalala, nakwenda maktaba kazini, narudi.

Keki imefika salama, vipande viwili katika visanduku vyake vyeupe, pamoja na zile picha tano. Mwanao Philippa kapendeza mno. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenieleza kwamba hema lilivuja upande wa bendi, kwamba baba mkwe wa Philippa alihutubia kwa dakika arobaini, na kwamba viti viwili, changu na cha Clive, vilikaa vitupu mpaka mwisho kwa sababu bibi harusi mwenyewe aliapa hakuna atakayevikalia. Umeniuliza mgongo wangu unaendeleaje. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze habari ya filamu moja, maana bila hiyo hutanielewa.

Tangu Pasaka, ukumbi wetu wa sinema umekuwa ukionyesha kichekesho cha hapa hapa Uingereza kuhusu harusi. Kimekaa wiki tisa, jambo ambalo halijawahi kutokea hapa mjini. Kisa chenyewe ni kidogo: mwanamume na mwanamke wanakutana kwenye harusi za watu, wanaachana, wanakutana tena, kiangazi kizima, na kila mara mmoja wao ama kachelewa ama kaja na mtu asiye wake. Dakika ya tano tu unajua wataoana. Hata hivyo watu wanajaa. Wale dada wawili wa duka la sufu wameiona mara tano na sasa wanayatamka maneno kabla ya waigizaji. Nilimuuliza yule mkubwa, Hester, wanafuata nini humo. Akasema, "Watu wanaaibika mbele za watu, na bado wanapewa keki. Wapi pengine utaona hivyo?"

Mimi nimeiona mara kumi na moja. Avril, anayekata tiketi, alianza kunitania. "Thelma mwenzangu, wanaoana vilevile kama Jumatano. Hawajabadili mawazo." Nikamwambia nafuata kofia za wageni. Si kweli. Ninachofuata ni kipande kifupi kabla ya chakula, pale wageni wanapoingia hemani, glasi mkononi, wakiinama kutafuta majina yao kwenye vikadi vya mezani. Kila mtu analipata la kwake. Hata mjomba ambaye hakuna anayempenda analipata. Hakuna anayebaki amesimama. Hakifiki hata dakika moja, na hicho ndicho ninachokisubiri. Mengine yote yananipita tu. Watu wakicheka, nawatazama wakicheka. Sijisikii vibaya, Noreen. Sijisikii chochote, na mle gizani, watu mia wakicheka na kufuta machozi kwa niaba yangu, napumzika.

Sasa habari ya mgongo. Mgongo wangu ni mzima.

Siku ile ya harusi niliamka alfajiri, nikapiga pasi gauni la buluu, nikavaa kofia niliyoinunua kwa ajili ya Philippa, nikaenda stesheni na mkoba wangu. Treni ikaja, milango ikafunguka. Nikajiona nashuka huko kwenu Scarborough peke yangu, na wewe unachungulia nyuma yangu kumtafuta Clive. Milango ikafungwa nikiwa bado nimesimama pale pale. Ndipo nilipokupigia kutoka simu ya stesheni na kukwambia habari za mgongo. Ukanipa pole. Ukaniambia nijikande kwa maji ya moto.

Nilizunguka mjini mpaka saa nane, saa ileile Philippa alipokuwa anaingia kanisani, nikaenda sinema na kofia yangu kichwani. Avril akapiga makofi. "Makubwa haya! Unakwenda harusini au unatoka?"

Nikamwambia, "Niko harusini."

Alicheka, kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka. Taa zilipozimwa alifunga dirisha lake, akaja kukaa kando yangu na chupa yake ya chai. Tulipofika kanisani, nasema ndani ya filamu, akaninong'oneza, "Clive je, hajambo?"

Unajua ninachowaambia watu, kwa kuwa nimekwambia na wewe: Clive yuko Aberdeen, anachomelea vyuma kwenye mitambo ya mafuta baharini, ndiyo maana haji kwenye simu. Nilifungua kinywa niseme Aberdeen. Nikasema, "Kaondoka. Tangu Januari."

Avril hakushtuka. "Tunajua, mpenzi. Kaka yangu hukutana naye Hereford sokoni, yuko na yule mama wa duka la mazulia. Mji mzima unajua. Tulikuwa tunakungoja wewe useme."

Mama aliyekaa mbele yetu akageuka. "Jamani! Ndiyo kwanza anasema ndiyo!"

Basi, dada, ndiyo hivyo. Aliondoka tarehe saba Januari. Alichukua nguo, redio, na vyombo vyake vya kazi. Aliniambia kwa adabu kabisa kwamba amechoka kwa miaka mingi. Nikamtengenezea mikate ya kula njiani. Sikulia siku ile na sijalia hadi leo. Watu wote hapa walikuwa wananivumilia tu. Niliyemdanganya hasa ni wewe. Niliona kwamba maadamu yupo mtu mmoja anayeamini nina mume, basi bado ninaye kidogo. Kwa ajili hiyo nikamwacha mtoto niliyemfundisha kuogelea aolewe bila mimi. Najua ni kosa kubwa. Nalijua kichwani, kwingine bado kuna ganzi, kama shavu baada ya kung'olewa jino.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ulimi wangu utasema Aberdeen tena. Filamu yenyewe imeondolewa Alhamisi, sasa wanaonyesha ya vita. Mwambie shemeji habari hii ya Clive. Philippa akirudi kutoka fungate mwambie na yeye, na usinipambie maneno. Asipotaka kuniona, nitakubali.

Nisalimie majirani wa pande zote mbili. Nitafika Ijumaa, saa kumi na nusu jioni. Naja peke yangu, kwa hiyo usihangaike kukitandika kitanda cha wawili cha chumba cha wageni. Nitandikie kile chembamba cha Philippa.

Mdogo wako,
Thelma