Muhuri Ulikuwa wa Posta

Kitongoji cha Bamgol,
Gyeongsang Kaskazini.
3 Septemba.

Mpendwa mwanangu Tae-yul,

Hujambo huko Ulsan? Mgongo umepoa? Mkeo naye? Sisi tunapumua. Pilipili zangu mwaka huu ni ndefu mpaka watu wanatoka vijiji vya mbali kuja kuzipima. Chakula kinashuka, ila sisikii ladha.

Mlima walikolala babu na bibi yako umeuzwa. Mwenyewe mpya, mtu wa Daegu, alinitumia barua iliyogongwa muhuri mwekundu kila ukurasa: “Ondoa kaburi la baba yako, la sivyo tutakutana mahakamani.” Mimi niliyemkimbiza nguruwe mwitu kwa mwiko wa wali, niliuona muhuri ule nikaifunika barua kwa kofia. Nikajua mahakama imeshaamua.

Basi nikamfukua Baba. Peke yangu, kazi ya vijana watano, na adhuhuri haijafika. Mifupa ikachomwa. Sasa yumo mtungini, kwenye jumba la majivu mjini, rafu ya chini kabisa. Sikulia. Mpaka leo sijalia.

Mke wangu, mama yako mdogo Mal-rye, akaipeleka barua kwa mwanasheria wa bure wilayani. Alirudi akaanzia mlangoni:

“We bingwa wa nguruwe! Muhuri huu wa posta! Posta inashuhudia tu kwamba barua imetumwa na imesema haya.”

“Kwani si amri?”

“Amri ya nani? Ni matakwa ya huyo mtu wa Daegu. Mahakama haijafungua hata mdomo. Ungemjibu tu, mzee!”

Nikakaa. Nikamenya kitunguu saumu mpaka kikaisha.

Sasa mtu huyo, kwa kuona nimetii upesi, anakuandikia wewe mjukuu wa kwanza, mwenye dhamana ya makaburi, kuhusu kaburi la bibi yako. Usiogope, wala usiikatae barua yake. Ipokee, kisha ujibu kwa njia ileile ya posta: kaburi lipo tangu wewe hujazaliwa, na kila mwaka tunalifyeka; mwanasheria anasema kaburi la zamani linalotunzwa haliondolewi kwa barua tu. Ukinyamaza, ukimya wako atakwenda nao mahakamani.

Jana nilipanda kufyeka. Shimo la Baba nililipita pembeni. Mama nikammwagia pombe ya mchele, nikamwambia alale, Tae-yul atajibu. Watu wengi nimewadanganya maishani, mwanangu. Yeye bado.

Nisalimie mkeo na dada yako Bo-bae. Wahenga wakulinde njiani na kazini.

Ni mimi nikupendaye, baba yako mdogo,
Pan-sik