Ndoo ya Maganda Haipandi Gari

Basi nikaikalia ile ndoo, Komora. Nikamwambia bwana wa gari la taka, "Chupa chukua, karatasi chukua, lakini maganda na wishwa, huchukui!" Akasema, "Nyanya, ni amri ya mji." Nikamwambia, "Basi nipakie na mimi!" Shangazi yako anaandika haya akicheka. Sisi wazima, goti tu linanisumbua.

Unauliza kwa nini nagombania uchafu. Babako alipokuwa anatambaa, tulikaa Kinakomba. Siku moja nikajifanya msafi, nikamwaga wishwa wote mtoni. Asubuhi akaja Mama Hawa, Muorma, na kibuyu chake kama kila siku: yeye atupe maziwa, sisi tumpe wishwa wa ndama. Akakuta ndoo tupu. Hakunitukana. Aligeuka na maziwa yake, na babako akalia mpaka jua likazama.

Leo hapa Garsen anakuja mjukuu wa Mama Hawa. Gari litarudi kesho, najua. Na mimi nitaikalia tena, waniinue wakiweza.

"Nyanya! Maziwa yataganda kwa jua hili, leta ndoo!"

Ndiye huyo mlangoni. Mwanangu, weka kalamu, nishike mkono niinuke.