Mkono Niliokunyima

Kaloleni, Kisumu

Dada yangu Wambui,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wote mnaokaa hapo nyumbani. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Murang'a? Mimi nipo, napumua, na joto la huku ziwani linanichemsha kama kawaida. Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu tangu tulipomzika Mama hupokei simu zangu. Karatasi angalau huwezi kuikata kabla sijamaliza.

Kosa langu nalijua. Siku ile naondoka baada ya mazishi, ulininyooshea mkono mbele ya wakwe zako wote, nami nikauacha wangu ndani ya mfuko wa sweta. Nikasema tu kwaheri, nikaenda. Niliuona mkono wako ukirudi taratibu, na tangu siku hiyo nauona kila nikifumba macho.

Ukweli ni kwamba nina ugonjwa wa viungo. Ulianzia vidole vya mkono wa kulia, ukapanda hadi kwenye kifundo cha mkono. Asubuhi vidole vinaamka vimevimba na vigumu, na mtu akinibana mkono naona nyota. Sikukuambia kwa sababu ya kiburi. Baba Njeri alipofariki akaniacha mjane, mliniomba nirudi nyumbani, nikakataa, nikasema cherehani yangu itanilisha hukuhuku. Sasa ningewaonyeshaje vidole vile?

Mwanzoni nilifanya ujinga. Nilijilaza karibu mwezi mzima nikidhani viungo vitapona vikipumzika, kumbe vinazidi kukaza. Daktari wa mazoezi pale kliniki alinishangaa. "Mama, nani alikwambia ulale? Hii mkono inataka kazi, lakini pole pole." Siku hizi nikiamka nachovya mikono kwenye maji ya uvuguvugu, nafumba na kufumbua ngumi, kisha natembea mpaka barabara kubwa na kurudi kabla jua halijawa kali. Mpini wa mkasi nimeuviringishia kitambaa ili uwe mnene. Nakaa kwenye cherehani saa nne asubuhi, vidole vikishalegea, na kila baada ya muda nainuka nijinyooshe. Maumivu hayajaisha, ila sare za shule nashona, tena vizuri. Kinachonishinda ni kutembea peke yangu. Wengine wanapita wawili wawili wakicheka, mimi naongea na wewe kichwani.

Sasa sikia yaliyonipata kanisani. Ibada ikiisha tunapanga foleni ya salamu nje. Kila anayetoka anawapa mkono wote waliomtangulia, halafu anasimama mwisho wa foleni apewe na wanaomfuata. Na watu wa hapa hawagusi tu, wanashika na kutikisa. Mimi nikawa natoroka kwa mlango wa pembeni, Jumapili baada ya Jumapili. Baadaye nikaona akina mama hawapiti tena kwangu, hata wa kuleta nguo ya kupunguzwa. Dada, nilikuwa mpweke vibaya. Siku nzima ingeisha nimejibizana na redio tu.

Ndipo Mama Atieno, jirani wa mlango unaotazamana na wangu, akaja akasimama kizingitini. Yeye huniita Min Njeri, yaani Mama Njeri kwa lugha yao.

"Min Njeri, sisi tulikukosea nini?"

"Hakuna aliyenikosea."

"Basi mbona unakataa salamu? Watu ya kanisa wanasema umetuweka kwa roho, uko na kinyongo."

Nikamwonyesha vidole.

"Woi. Sasa si ungesema? Sisi tungejua aje?"

Jumapili iliyofuata alinitangulia kwenye foleni akimwambia kila mmoja, "Huyu nyuma yangu shika yeye kiwiko." Wakanishika kiwiko, wote, polepole, hata wazee. Nililia palepale na wala sikuona haya. Siku hizi Mama Atieno hutembea nami Jumanne, siku asiyokwenda sokoni. Siku zilizobaki ni mimi na barabara.

Lakini nilirudi nyumbani nikikuwaza wewe. Ikiwa hao, ambao ni watu wa kanisa tu, waliumia hivyo, je, wewe uliyenifundisha kutunga uzi kwenye sindano?

Nisalimie shemeji Kamau, mwambie ile suruali niliyomshonea niliipima kwa macho, ikimbana asinilaumu. Nisalimie mkamwana wako Wairimu, na shangazi Nyokabi, aliyebaki peke yake kati ya dada za Baba.

Barua hii imenichukua siku nne, mistari michache kila alasiri. Nilikunyima mkono kwa kuwa ungenibana, ningelia, na wote wangejua. Nisamehe. Kila Jumapili nikitoka kanisani nitaiweka simu mapajani. Ukipiga ukakosa la kusema, usikate. Nitakusikia ukipumua, na itanitosha.

Mdogo wako,
Nyambura