Nani Anaifungua Kompyuta ya Sebuleni?

Mdogo wangu,

Kwanza marahaba, hata kama hukuniamkia. Pokea salamu zangu, pokea za mama, na tafadhali usiikunje barua ukaitupa, pokea na salamu za baba. Kanituma mwenyewe, na ukisoma mpaka chini utajua kwa nini nimekubali kuzibeba.

Wifi yangu anaendeleaje? Nimesikia amerudi kazini na anakula zaidi kidogo ya sifuri, ambayo ni hatua. Mwambie namkumbuka kila siku. Kumpigia simu naogopa, kwa sababu nikisikia sauti yake nitalia mimi, halafu yeye ndiye aanze kunibembeleza. Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likifika saa za kwenda kupiga soga kwa jirani linapona. Mimi bado niko stoo ya hospitali, nahesabu shuka na mablanketi, na wauguzi hawajaacha kuniita Mpelelezi.

Ujumbe wako wa mwisho niliusoma mpaka nikaukariri. Ulisema tumekuzungusha vya kutosha na hadithi zetu za kompyuta mbovu, na kwamba mzee akishachoka na ujeuri wake atajua pa kukupata. Ningekupigia nikueleze, lakini siku hizi ukisikia tu neno baba unakata simu. Ndiyo maana naandika. Karatasi haikatiki katikati ya sentensi.

Ili unielewe lazima niipitie tena Jumapili ile mbaya, unisamehe. Tulikuwa watatu mbele ya kompyuta uliyotuachia sebuleni, mama katikati, mimi kulia, baba kushoto. Picha yako ilikuwa inakwama na kuruka. Ukasema mtoto hatunaye tena, ametutoka hospitali. Mama akaziba mdomo kwa viganja viwili. Na baba, mtu yuleyule aliyeikataa ndoa yako mbele ya ukoo mzima, akatabasamu hadi magego yakaonekana, akapiga makofi, akasema: "Hongera! Hilo ndilo nililokuwa nikilingoja!"

Ukamtazama. Kisha kioo kikawa cheusi.

Nani angemtetea? Mama alihamia chumbani kwangu jioni hiyohiyo. Mimi nikawa namwekea baba chakula mezani na kuondoka bila neno. Wala yeye hakuuliza kosa lake ni lipi. Kuna jambo jingine ambalo sikukuambia wakati ule, maana niliona ni kuongeza petroli kwenye moto. Siku chache baadaye alimsimamisha mama koridoni akamuuliza, uso umechangamka kabisa, mtoto anaendeleaje. Mama alimtupia kitambaa cha vumbi usoni. Mimi nilikuwa jikoni, nikasema moyoni, huyu mzee roho yake imeota kutu.

Baadaye mama alikubembeleza ukakubali kupiga tena, kwa sharti kwamba baba akae mbele yako akueleze kwa kinywa chake alichokuwa anakifurahia. Mama hakuwa anazungumza naye, kwa hiyo kazi ya kumpa habari ikawa yangu. Nilimsogelea mpaka pua zetu zikakaribia kugusana, nikamwambia neno moja moja, kwa hasira, kwamba Jumapili mwanao anataka kusema na wewe, uso kwa uso, na safari hii hutakwepa. Akatikisa kichwa kukubali.

Jumapili ilipofika, kompyuta ikagoma. Taa inawaka, feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi tii, na lile boksi la chini linapiga kelele, piii, piii, piii, kama lori linalorudi nyuma. Tuliizima, tukaiwasha, mama akaipiga kofi, mimi nikachomoa kila waya na kuurudisha. Piii. Ukatuma ujumbe kuuliza tuko wapi, nikakujibu kwa kisimu changu kisichopiga video kwamba kompyuta imeharibika, ukaandika "sawa". Nilivyoiona hiyo "sawa" nilijua hukuamini.

Nikamwita fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, yule mwembamba mwenye maneno mengi. Akafungua ubavu wa boksi, akasikiliza, akatuambia huo mlio ndio malalamiko yake: mashine haiioni ramu. Ramu ni kibao chembamba tu, urefu wa kidole, kinachochomekwa ndani. Bila hicho mashine haikumbuki hata namna ya kuamka. Akakichomoa, akakisugua meno yake ya kuchomekea kwa ufutio wa watoto wa shule, akakirudisha mpaka kikalia ta! Kompyuta ikawaka. Mama alimshukuru kana kwamba kafufua mtu.

Jumapili iliyofuata, piii.

Fundi aliporudi alikikuta kibao kimening'inia upande mmoja. Akaguna. Akasema kile kibao kina vishikizo huku na huku, hakiwezi kuruka chenyewe kama panzi, kwa hiyo humu ndani kuna mtu anaifungua hii kompyuta.

Basi hapo ugonjwa wangu ukanipanda. Wewe unanijua. Kazini likipotea shuka moja silali, kwa sababu najua shuka halina miguu. Nikaanza na fundi mwenyewe. Nani anayefaidika mashine ikifa kila wiki? Alipokuja tena nilimsimamia kichwani kama askari jela, kila skrubu anayoitoa naipokea mkononi. Akaniuliza kama nataka kumkagua na mifukoni. Nikamwambia ikibidi. Alifunga boksi akaondoka bila kuaga, na mpaka leo tukikutana njiani anavuka barabara. Tangu hapo kibao nikawa nakirudisha mwenyewe, kama nilivyomwona akifanya.

Nikahamia kwa mpangaji wa chumba cha uani, yule kinyozi. Zamani alikuwa akiingia sebuleni kunakili nyimbo kwenye flashi yake, na siku hizo nilimwona ananikwepa. Nikitokea mlangoni yeye anaingia ndani. Nikasema nimempata. Ijumaa nikachukua rangi yangu ya kucha, ile nyekundu, nikapaka tone dogo juu ya kila skrubu ya boksi. Atakayezigusa, rangi itapasuka na mimi nitajua. Jumapili mchana mashine ikalia, nikainama, na rangi imepasuka vipandevipande. Nikatoka mbio mpaka uani na maneno yangu nimeyapanga. Mlango una kufuli. Jirani akaniambia kinyozi amesafiri kwao tangu Alhamisi. Aliporudi nikagundua alichokuwa anakwepa: alikuwa ameanika taulo zake karibu na pazia jeupe la mama, na rangi ya nywele ikalichora pazia.

Nikabaki na watu wawili ndani ya nyumba. Nisikufiche, hata mama nilimshuku. Niliwaza, huenda hataki kukuona ukigombana na baba mbele yake. Lakini mama hajui hata skrubu inazungushwa upande gani. Baba ndiye aliyemaliza maisha yake akifungua redio za watu. Bisibisi zake bado ziko kwenye lile kopo la biskuti, ingawa kazi yenyewe aliiacha ghafla akisema macho yamechoka. Nikaacha kutafuta. Nikaona kila kitu peupe: hataki kukuomba radhi, na badala ya kusema hataki, anaua mashine. Hasira niliyokuwa nayo, mdogo wangu, nilitamani nimkamate mkono ukiwa ndani ya boksi, nikupigie picha nikutumie.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita nilidanganya. Nilivaa sare, nikasema naenda zamu. Mama alikuwa kwa jirani na goti lake lililopona. Nikazunguka mtaa, nikarudi kabla ya mchana, na tangu getini nikausikia mlio. Piii, piii, piii, madirisha wazi, mtaa mzima unasikia. Nikaingia kwa kunyata.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kompyuta, bisibisi imechomoza mfukoni mwa shati, anasoma gazeti. Mgongo alinipa mimi. Boksi linapiga kelele hatua moja kutoka gotini kwake, na yeye analamba kidole, anafunua ukurasa, ametulia kama mtu aliyekaa bustanini. Nikamwita. Kimya. Nikamwita kwa sauti ya kugomba. Kimya. Nikajua ananidharau, kama anavyotudharau siku zote. Nikasogea mpaka kivuli changu kikaangukia gazeti, na hapo alishtuka hadi miwani ikamtoka. Akajikaza, akanitazama usoni, akasema, "Mashine hii leo imekufa moja kwa moja, mwanangu. Haitoi hata sauti."

Mlio ulikuwa unanitoboa masikio.

Nikajifanya naenda kufunga dirisha nyuma yake. Nikiwa nyuma, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, nyumba inaungua."

Akafunua ukurasa mwingine.

Nilizima kompyuta, nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, midomo yangu mbele ya macho yake, nikamuuliza ni tangu lini. Mwanzo alikataa. Akasema ni mafua. Akasema ni mimi ninayesema chinichini kama wanawake wa siku hizi. Kisha akaangalia bisibisi yake akasema, "Nani atampa redio yake fundi asiyesikia?"

Hayakuwa macho. Aliacha kazi kwa sababu alikuwa anaweka vidole juu ya spika ili kujua kama redio inaimba, na wateja wakaanza kumshangaa. Tangu hapo anatusoma midomo. Ndiyo maana anapenda kuanza yeye mazungumzo, aulize yeye, acheke yeye kwanza. Tulikuwa tunaita kiburi. Ana kwa ana anajitahidi, lakini kwenye kioo, anasema, midomo yako inakatika vipande, inaganda, inaruka, hawezi kushika kitu. Siku ile alikamata neno mtoto na neno hospitali. Wifi yangu alikuwa ameshafikisha siku zake za kujifungua. Wewe ungefikiria nini?

Alidhani mtoto amezaliwa, mdogo wangu. Ndicho alichokuwa anakingoja. Ndicho alichokipigia makofi.

Kisha kioo kikazima, mama akahama chumba, mimi nikamnunia, na yeye akajua amekosea mahali, lakini wapi hajui. Alihisi labda amesema jambo baya kuhusu mkeo bila kujua. Kuhusu ndoa yako sikudanganyi, alikuwa na maneno yake na anakiri aliyasema. Lakini nilipomfuata kwa hasira kumwambia unataka kusema naye uso kwa uso, aliogopa. Angejibuje swali asilolisikia, kwa kosa asilolijua? Akaona heri mashine isiwake. Kila Jumapili asubuhi, sisi tukiwa tunaoga, anafungua boksi, analegeza kibao, kisha anaiwasha kuhakikisha kioo kimebaki cheusi.

Nilichukua gazeti lake, na pembeni, penye nafasi nyeupe, nikaandika kwa herufi kubwa yale maneno uliyotuambia siku ile. Sikuweza kuyasema kwa mdomo. Akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma mara nyingine. Nikasubiri alie, hakulia. Akaniuliza, polepole, kama anayeuliza njia:

"Kwa hiyo siku zote hizi ni mimi peke yangu niliyekuwa na mjukuu?"

Mama aliporudi nilimweleza akiwa bado mlangoni. Alikwenda akaketi mbele ya baba, akakaa hivyo mpaka giza likaingia. Sasa wamerudi chumba kimoja, na wanagombana vizuri tu. Mama akisema naye anapanua mdomo kama anayepiga mswaki, na baba anamwambia yeye ni kiziwi, si mtoto mchanga. Nimempangia aonwe masikio pale hospitali kwetu. Amekubali baada ya kubishana.

Sikuandikii ili nimwombee msamaha. Kila mtu ana lake la kusamehewa katika hili, na la kwangu si dogo. Naandika kwa sababu ya jambo moja. Jana baba alinifuata jikoni na kalamu na gazeti lingine, akanipa, akaniuliza kama mtoto alikuwa wa kike au wa kiume, na mlimwita nani.

Nikashika kalamu, nikashindwa kuandika. Sijui. Mama naye hajui. Hakuna aliyewahi kukuuliza, mdogo wangu. Tulikuwa tumeshughulika na kumchukia baba.

Basi nisaidie. Usipige simu. Chukua karatasi umwandikie yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa, umjibu. Na kama wewe huwezi bado, mwachie wifi aandike. Akiandika jina tu linatosha.

Mama anakusalimu sana na anasema ule. Kinyozi anakusalimu. Fundi wa kompyuta hanisalimii mimi, sembuse wewe, ila nitakwenda kumwangukia wiki hii. Mkumbatie wifi yangu kwa niaba yetu sote, watatu.

Ni mimi,
Dada yako