Cheti cha Binti Yako

Chumba cha Mafunzo,
Kiwanda cha Boriti.
14 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu. Je, mgongo wako umepata nafuu? Na shemeji, ameizoea miwani yake? Sisi huku tu wazima, ila mimi nimechefuka, na sina budi kukueleza sababu.

Binti yako amekwambia kwamba nimekataa kukitia sahihi cheti chake. Ni kweli.

Kiwanda chetu huunganisha mbao kwa gundi na kuzikandamiza ziwe boriti ndefu za kubebea mapaa. Kabla ya gundi, kila ubao hupimwa unyevu kwa kifaa maalumu, kwa sababu ubao mbichi haushiki gundi. Hilo ni somo la siku ya kwanza. Wanafunzi wetu, binti yako akiwemo, walijaza fomu kwa mwandiko mzuri: mbao arobaini, zote kavu, asilimia kumi na mbili. Nikafungua kabati. Kifaa kilikuwa bado ndani ya nailoni yake, hakijatiwa hata betri.

Niliipasua boriti yao kwa patasi. Mbao zikaachana kama kurasa za daftari lililolowa. Nayo ilikuwa ya paa la wodi ya wazazi!

Meneja wa mafunzo, ambaye mafundi humwita Bwana Picha kwa kuwa kazi yake ni kupiga picha tu, alinijia mbio. "Mzee, tia sahihi bwana, wafadhili wako getini!"

Fundi wa mashine, mama asiyemwogopa mtu, akadakia: "Basi ukalale wewe chini ya hilo paa, na kamera yako!"

Binti yako akaninong'oneza, "Baba mkubwa, wenzangu wote waliandika hivyo." Niliona kinyaa, mdogo wangu, hata kwangu mwenyewe, niliyefundisha kwa chaki wiki tatu bila kulifungua kabati lile.

Najua umeshawatangazia majirani. Najua pia kwamba bila cheti hataajiriwa. Sikutia.

Juzi asubuhi nilimkuta ghalani peke yake, kifaa mkononi, akipima mbao thelathini zilizobaki. Kumi na tisa mbichi. Aliziandika zote katika fomu mpya, akaweka jina lake chini. Bwana Picha ameikataa, eti inachafua faili.

Msalimu shemeji, dada yetu, na yule mtundu wenu wa mwisho. Mungu awalinde, awape na usingizi mwema.

Fomu hiyo ya binti yako nimeitia sahihi na kuiweka humu ndani ya bahasha. Majirani wakiulizia cheti, waonyeshe hiyo.

Ni mimi kaka yako, akupendaye hata anapokukera.