Dawa Yangu Ilikaa kwa Mke wa Saleh

Kabondo, Kisangani

Kwa dada yangu mkubwa, yaya Mwajuma, huko Kindu.

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani. Mama anaendeleaje na miguu yake? Watoto wamepona surua? Mimi ni mzima, nakula na kulala.

Umeniuliza kama ni kweli nilimkata mtu. Ni kweli. Nitakueleza yote, kisha utaamua mwenyewe la kumwambia mama.

Tulikuwa tunashona nguo za wacheza ngoma wa chama cha siasa kwa ajili ya sherehe yao. Kazi ilikuwa nyingi, patron, mwenye karakana, akatuletea vidonge vya kuondoa usingizi. Wenzangu walimeza siku mbili wakaacha. Mimi nilimeza miezi saba. Mwanzoni nilishona kazi ya watu watatu. Baadaye nilikonda, nikaanza kusikia wenzangu wakinisema. Asubuhi moja Saleh, fundi wa meza ya pili, rafiki yangu tangu nifike hapa, alicheka na jirani yake. Nilidhani ananicheka mimi. Nilimpiga kwa mkasi, ukapenya kiganja cha kuume.

Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari alimshona, kisha akanitazama machoni. "Na wewe, unameza nini?" Nikamwambia.

Patron alinifukuza. Bila vidonge nililala siku nne, nikaamka sitaki kitu, hata kuoga, ila vidonge tu. Nikarudi kwa daktari.

"Bon," akasema. "Iko dawa ya watu wenye huzuni kubwa. Madaktari wengine wanaijaribu kwa watu kama wewe. Mimi sina hakika, tutaona. Lakini ukimeza nyingi mara moja, unakufa. Donc, basi, haitakaa kwako. Uko na ndugu hapa?"

Sina, unajua. Aliyekubali kuiweka ni mama Furaha, mke wa Saleh. Si mimi niliyemwomba. Daktari alimwuliza siku mumewe alipotolewa nyuzi.

Kila siku baada ya sala ya alasiri nilienda kwao. Aliniwekea kidonge mkononi pale mlangoni, akangoja nimeze, akafunga. Hatukusalimiana. Kinywa kilinikauka, jasho lilinitoka. Wiki tatu sikuona tofauti. Wiki ya nne niligundua kuwa nimempita muuza vidonge sokoni bila kusimama. Mwezi wa pili nilinunua tena, mara moja. Nilimwambia mama Furaha.

"Kesho uje saa ile ile," akasema, akafunga mlango.

Vidole vitatu vya Saleh vinakunjika, viwili hapana. Sindano haishiki tena. Siku hizi anauza vitambaa.

Daktari aliipunguza dawa polepole, na juzi ikaisha. Jana alasiri nilijikuta tena mlangoni kwao.

"Dawa ilishaisha," mama Furaha akasema. "Unatafuta nini tena?"

Saleh akaita kutoka ndani: "Mwache aingie. Lituma iko bado moto."

Nikaingia. Tulikula ile ndizi ya kuponda na samaki, sahani moja. Saleh alikula kwa mkono wa kushoto.

Nisalimie papa mdogo, fundi wa baiskeli, na shemeji mwalimu. Mama umwambie kwamba jana nilikula kwa Saleh. Mengine, uamue wewe.

Mdogo wako,
Ramazani